Mstari wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo Winnie ameniletea daftari hili, la jalada gumu, bado linanukia duka. Ni binti anayeratibu Mkono wa Ziwa, shirika dogo la hisani hapa Mwanza, na kazi yao mwaka huu ni kuchangisha fedha za kuezeka upya wodi ya watoto ya Kituo cha Afya cha Jiwe Kuu. Pale ndipo nilipofanya uuguzi miaka thelathini na mmoja. Paa linavuja mpaka manesi wanasogeza vitanda kufuata palipo pakavu. Tena anataka nyimbo za kwaya yetu ya wauguzi zirekodiwe upya na kuhifadhiwa kabla hazijapotea. Hivyo ndivyo alivyosema, "hazijapotea," lakini macho yake yalikuwa kwenye fimbo yangu.

"Mama, andika chochote unachokumbuka cha enzi zile. Tutakisoma siku ya tamasha."

Tamasha ni Jumamosi ya tarehe 24 Mei. Nimemwambia siwezi kukumbuka kwa kuamrishwa. Nitaandika ya leo, na ya zamani yakitaka yatakuja yenyewe.

Mvua bado. Joto la huku kwetu Pasiansi limekalia mabati kama kuku anayeatamia.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimefungua jioni kwa michembe ya viazi vikavu na chai ya rangi.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya kwanza, ya robo saa tu, lakini harufu ya vumbi lililolowa imenirudisha 1984.

Kila Alhamisi tulikuwa tunapanda boti kwenda visiwani na sanduku la chanjo lenye barafu. Mwalimu Nathaniel, mwalimu wetu wa kwaya, alilifunga gitaa lake kwa nailoni kama mtoto mchanga. Tukikaribia ufuko tulivua viatu vyeupe tukavishika mkononi, tukaruka majini na sare zetu, na akina mama walikuwa wameshajipanga, watoto mgongoni, vigelegele vinasikika kabla hata injini haijazimwa. Tuliwaimbia kuhusu sindano ya surua, kuhusu kunyonyesha, kuhusu kuchimba choo. Hotuba wangeisahau kabla ya kufika nyumbani. Wimbo waliondoka nao.

Sijawahi kupendwa vile tena, hata na marehemu Machibya, na mume wangu yule alinipenda.

Wimbo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa kuharisha. Ulimfundisha mama kuchanganya maji ya kumwokoa mtoto kwa vitu alivyonavyo jikoni:

*Chemsha maji, mama, lita moja,*
*weka sukari vijiko sita,*
*weka chumvi kijiko kimoja,*
*mnyweshe mwanao, atapona.*

Mwaka 1988 watu wa redio walikuja kuturekodi, mimi nikiwa kiongozi wa sauti. Wakaupa jina "Kijiko Kimoja". Mpaka leo nikipita mwaloni, soko la samaki, kununua dagaa, wauzaji wananiita Mama Kijiko na kunizidishia kipimo cha sado.

Waliotunga tulikuwa wengi.

Jumatatu, 10 Machi

Mazoezi ya kwanza, sebuleni kwa Mwalimu Nathaniel kule Igogo. Katika ishirini na wawili tuliobaki hai ni tisa, na waliokuja ni sita. Odeta, aliyekuwa mkunga wetu na sauti ya pili, amekuja na meno mapya yanayopiga mluzi kila penye herufi "s". Tumecheka mpaka Nathaniel akaweka gitaa chini.

Winnie alikuja na kaseti ya zamani aliyoipata kwa mtu. Akaicheza kwenye simu yake, sijui aliihamishaje. Nikasikia sauti yangu ya umri wa miaka thelathini na mmoja ikitoka kwenye kile kidude, safi, haina hata mkwaruzo. Nilitoka uani nikajifanya naangalia mvua.

Evelina hakuja. Alikuwa msichana wetu wa Ukerewe, nesi hodari, na rafiki yangu. Tulilala chumba kimoja hosteli miaka mitatu. Aliondoka kwenye kwaya 1989 na hatujasemezana tangu hapo. Watu walisema ni wivu, kwa kuwa redio ilinichagua mimi. Mimi sikukanusha.

Winnie anasema amempigia simu. Jibu lake: "Nitaimba wakibadilisha mstari wa tatu."

"Maana yake nini, mama?" Winnie aliniuliza.

"Maana yake Evelina ni Evelina," nilimjibu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua mchana kutwa. Nimepika kunde.

Alhamisi, 20 Machi

Winnie na mpiga picha walikuja nyumbani. Wakanikalisha mbele ya ukuta, kijiko mkononi, wakataka nitabasamu, kisha wakataka nihuzunike kidogo. Nikawauliza nihuzunikie nini. Winnie akasema wachangiaji huguswa na uso wenye hadithi. Simpendi sana binti huyu. Anaongea haraka, anasema "kampeni" kila sentensi ya pili, na shikamoo yake inatoka akiwa anaangalia simu.

Kampeni itaitwa Kijiko Kimoja. Mfanyabiashara mmoja wa vinywaji ameahidi mabati yote ya wodi, mradi jina lake lionekane kwenye mabango chini ya picha yangu.

Nimefurahi. Ningeandika vingine ningekuwa mwongo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Jirani ameleta pilau. Mvua imebeba uzio wa bustani yangu.

Jumatano, 2 Aprili

Mazoezi. Evelina ameulizwa tena, na jibu ni lile lile. Odeta akaniambia, "Justa, mwenzako ana sauti ya tatu ambayo hakuna mwingine. Nenda Kiseke ukamwombe."

"Niombe nini? Sikumfukuza."

Nathaniel alikaza nyuzi za gitaa lake kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekwenda Jiwe Kuu na Winnie. Wodi ya watoto ina beseni nne sakafuni na kila moja ina mlio wake wa matone. Nesi kijana aliponiona aliinuka. Mama yake alimwimbia wimbo wetu akiwa mdogo, alisema, ndiyo sababu akasomea uuguzi. Halafu akacheka: "Ila chuoni walitufundisha chumvi ni nusu kijiko, bibi. Nikadhani labda zamani vijiko vilikuwa vidogo."

Winnie alikuwa anapiga picha beseni, hakusikia. Mimi nilisikia. Nimerudi nyumbani na maneno yale.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Nilishika tawi langu nikiwaza mstari wa tatu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda Kiseke.

Nilimkuta Evelina barazani, ungo wa maharage mapajani. Amekonda, nywele zote nyeupe, na sauti imekwaruza kidogo. Sikujua nimsalimieje. Alikuwa amenizidi miaka miwili, na zamani nilimwita dada. Nikasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekungoja miaka thelathini na sita, Justa. Ngoja na wewe nimalize kuchambua."

Nikakaa. Mvua ilikuwa inanyesha nyembamba. Alipomaliza aliweka ungo pembeni, akasema, "Haya. Imba."

"Nimekuja tuzungumze."

"Utazungumza ukishaimba."

Nikaimba, kwa sauti hii niliyobaki nayo. Nilipofika *chumvi kijiko kimoja* aliinua mkono.

"Hapo hapo. Wewe ni nesi. Lita moja ya maji, chumvi kiasi gani?"

"Nusu kijiko." Mdomo ulijibu kabla sijaupa ruhusa.

"Na mimi niliandikaje?"

Hapa niandike ukweli, maana daftari hili nimeshalidanganya mara moja. Hatukutunga wengi. Wimbo ule aliutunga Evelina peke yake, kitandani hosteli, akipiga mapaja kutafuta mapigo. Mstari wake wa tatu ulikuwa *weka chumvi nusu, nusu tu*, halafu makofi mawili, na vidole viwili vinabanwa pamoja kuonyesha uchache. Siku ya redio Nathaniel aliharakisha gitaa, na mimi pumzi ikaniponyoka mahali pale. Ulimi ukatoa *kijiko kimoja* kwa sababu kiliteleza vizuri. Wakaturudishia tusikilize. Evelina alinishika mkono pale pale: "Justa, waambie turudie." Nikamwambia gari lao limeshawashwa. Nikamwambia wimbo wa redio si dozi ya daktari, kipimo sahihi watakipata kwetu kliniki. Gari halikuwa limewashwa. Nilikuwa nimesikia sauti yangu inavyopendeza, nikaogopa kwamba nikirudia haitatoka vile tena.

"Uliandika nusu," nilimwambia.

Evelina alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema, "Mwaka uliofuata nilipangiwa zamu ya miezi mitatu Kome. Alikuja msichana wa miaka kumi na tisa, anaitwa Hellen. Mtoto wake Magesa, miezi tisa. Alikuwa ameharisha siku mbili. Lakini Justa, nilimshika nikaona si kuharisha peke yake. Alikuwa na kiu ya ajabu, mwili unakakamaa, anatetemeka. Nikamwuliza mama yake, ulimpa nini? Akasema, maji ya wimbo, sista, nimempa tangu jana, kila saa. Nikamwuliza uliyachanganyaje. Akaniimbia."

"Dada Eve."

"Akaniimbia jinsi ulivyoimba wewe, mpaka mahali ulipovuta pumzi. Mtoto alifariki jioni ile."

Nilitazama maharage yaliyochambuliwa.

"Sasa sikiliza na langu," aliendelea, "maana mimi si malaika. Hellen aliniuliza, nimekosea wapi? Na mimi nikamjibu: ulisikia vibaya, mama, wimbo unasema nusu. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia visiwa vya jirani. Ningesema redio imekosea, nani angechanganya maji tena? Niliwaza watoto waliobaki. Ndivyo nilivyojiambia. Nikamwacha msichana yule aondoke na maiti mgongoni na kosa lisilo lake."

Baada ya hapo ndipo alipoacha kwaya. Kila likizo yake, miaka kumi na miwili, alizunguka visiwani kwa nauli yake kufundisha mstari wa tatu, ufuko kwa ufuko. Mimi nilidhani anakwenda kwao kulima.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuandikia barua mbili."

Ni kweli. Ya kwanza niliisoma mpaka mahali palipoandikwa "mstari wa tatu", nikaikunja. Ya pili sikuifungua.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Sijala, na si kwa kufunga.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Vijana wameimba vizuri sana. Nimetoka kabla ya baraka.

Jumanne, 22 Aprili

Nilimwita Winnie nyumbani nikamweleza yote, kuanzia nusu mpaka Magesa. Nilitazamia angeniambia ninyamaze. Mabango yameshachapwa, fulana mia tatu zina picha ya kijiko na jina la kampeni kifuani, na yule mtu wa vinywaji ameshaagiza mabati. Mbona hata mimi ningejiambia ninyamaze.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliweka simu kifudifudi mezani.

"Mama, kuna mtu bado anatumia wimbo huu kuchanganyia?"

"Sijui. Yule nesi wa Jiwe Kuu amekua nao."

"Basi sisi tulikuwa tunataka kuusambaza tena." Akainuka. "Naomba siku nne."

Mlangoni aligeuka akaniamkia upya, shikamoo nzima, ananitazama.

Jumamosi, 26 Aprili

Muungano. Winnie amerudi, macho mekundu. Mfadhili wa mabati amejitoa. Alimwambia hawezi kuweka jina lake kwenye jambo lenye mtoto aliyekufa. Alimshauri wanyamaze tu, nani atajua, na Winnie akamwambia kwamba yeye anajua.

Kwa hiyo hatuna paa. Zimebaki wiki nne.

Nikamwambia, "Nimekuharibia kazi, mwanangu."

"Umeniharibia kampeni," alijibu. "Kazi ipo." Akapiga chafya, akacheka, akaniomba michembe aliyoona juu ya meza. Alikula sahani nzima.

Ijumaa, 2 Mei

Evelina amekuja mazoezini! Odeta alimkumbatia akilia na meno yakapiga mluzi. Nathaniel alisimama na gitaa lake kama mwanafunzi aliyechelewa. "Siku ile niliharakisha mimi," alimwambia. Evelina akamjibu, "Leo basi nenda polepole."

Tumeimba mstari wa tatu mara arobaini. Ulimi wangu ni mkaidi. Kila nikisahau nafsi yangu kidogo, unatoa *kimoja*. Evelina hanionei huruma. Anapiga meza: "Tena."

Jumatano, 7 Mei

Fulana zimepelekwa kwa Mwanaharusi, fundi cherehani wa Igogo, ashone neno NUSU la kitambaa chekundu juu ya neno la pili. Mia tatu. Hataki malipo, wajukuu zake wawili walizaliwa Jiwe Kuu.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua kubwa. Wodi imefungwa upande mmoja, watoto wamehamishiwa korido.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya misa nimepita kwa Evelina. Tukakaa tukikumbushana: bweni, matroni aliyekuwa anatunusa kama tumepaka manukato, siku Odeta alipodondosha sanduku la chanjo ziwani na kulifuata na sare yake. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kwa saa nzima tulikuwa wasichana. Nikimtazama nikahesabu miaka niliyomnyima na niliyojinyima, nikaacha kuhesabu.

Nikamwuliza kama Hellen bado yupo.

"Yupo. Nimempeleleza kila mwaka. Sijawahi kuwa na ujasiri wa kufika mlangoni kwake."

Jumamosi, 24 Mei

Asubuhi ilipambazuka nyeusi. Winnie alikuwa uwanjani na gambuti, anafunga turubai kwa mikono yake. Saa nne watu walianza kuja hata hivyo, na miavuli na nailoni kichwani: manesi, wauza samaki, walimu, waliozaliwa Jiwe Kuu na waliozaa Jiwe Kuu. Saa tano boti mbili zilitia nanga ufukoni chini, zikashusha wanawake wa visiwani, kina mama watu wazima wa umri wetu. Winnie alikuwa amewaalika kupitia kliniki zao. Wakakalishwa upande wa kushoto, vitenge vimelowa.

Tulipanda jukwaani saba. Kabla ya kuimba nilichukua kipaza sauti. Nilikuwa nimeandika hotuba, ikalowa, nikasema tu. Nilisema wimbo mnaonijua nao si wangu, ni wa Evelina huyu hapa. Nilisema siku ya redio niliukosea, nikaambiwa niurudie, nikakataa kwa kupenda sauti yangu. Nilisema mtoto mmoja ninayemjua alikufa, na wengine nisiowajua Mungu anawajua. Sikutaja jina wala kisiwa, si langu kulitaja mbele ya watu. Nilisema, "Msiniite tena Mama Kijiko."

Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma kule mama mmoja alisimama, akamshika mtoto wake mkono, akaondoka. Ana haki yake.

Nathaniel akaanza, polepole. *Chemsha maji, mama, lita moja.* Uwanja ukapokea, si unajua wimbo wa redio unavyoingia mwilini. *Weka sukari vijiko sita.* Nikavuta pumzi ya mstari wa tatu, na watu wote wa mjini mbele yangu, baada ya yote niliyosema, wakafungua vinywa kwa mazoea: *weka chumvi kijiko...*

Upande wa kushoto ukawafunika. *Nusu! Nusu tu!* Pa, pa. Wanawake wa visiwani wote, pamoja, vidole viwili vimebanwa juu ya vichwa vyao. Hawakuwa wamefundishwa na Winnie. Hawakuwa wakinirekebisha mimi. Walikuwa wanaimba wimbo kama wanavyoujua, na kama walivyowafundisha binti zao. Mimi nilikuwa na redio. Evelina alikuwa na miguu yake, akawafikia.

Nilimgeukia. Mdomo wake ulikuwa wazi na hatoi sauti.

Tukarudia ubeti mara tano, na mara ya tano watu wote wa mjini wakabana vidole. Mvua ikashuka na hakuna aliyeondoka. Winnie na wenzake walipita na ndoo za plastiki zenye vifuniko, na watu wakawa wanafungua mabegi chini ya miavuli.

Jumapili, 25 Mei

Mabati yamepatikana ya nusu ya wodi, upande wa vitanda vya watoto wadogo. Winnie alinipigia kuniambia, akasikitikia nusu nyingine. Nikamwambia apumzike, mwakani tupo. Kisha nikamwomba gari.

Jumatano, 4 Juni

Naandika haya nikiwa Nyakaliro, ng'ambo ya Kome, nyumba ya wageni; tumerudi kwa kivuko cha mwisho, na Evelina amelala kitanda cha pili kama zamani.

Winnie alituendesha. Tulivuka Busisi kwa kivuko, daraja jipya likiwa pembeni yetu, tukapita Sengerema, kisha kivuko cha Kome. Mvua zimekwisha na majani yamefika kiunoni.

Hellen tulimkuta anaanika dagaa mbele ya nyumba. Ni mwanamke wa miaka hamsini na mitano sasa, mrefu, mikono ya kazi. Jirani aliyetuelekeza alimwita Mama Bwire. Alimtambua Evelina mara moja, akaacha dagaa.

"Sista wa mwaka ule," alisema. "Umezeeka."

Alituwekea mkeka. Evelina alitaka kuanza, nikamshika goti. Hili lilikuwa langu kwanza.

"Mama Bwire, mimi ndiye niliyeimba wimbo wa maji redioni."

"Nakujua sauti."

"Nimekuja kukuambia kwamba hukusikia vibaya. Ulisikia kama nilivyoimba. Mimi ndiye niliyekosea, na niliambiwa, na sikurekebisha. Wewe ulifanya ulichoambiwa."

Evelina akasema, "Na mimi nilijua siku ile, nikakudanganya."

Hellen alikaa na mikono imejaa magamba ya dagaa. Kuku walipita juu ya dagaa alioanika na hakuwafukuza.

"Kumbe nilisikia," alisema mwishoni. Akarudia, taratibu, kama anayejaribu uzito wa kitu. "Kumbe nilisikia vizuri." Kisha akasimama akaingia ndani, na tukasikia analia. Hatukumfuata. Winnie alishuka garini akaja kufukuza kuku.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. Tulimwambia tutaondoka kama anataka. Akatikisa kichwa.

"Hamwondoki. Mume wangu yuko ziwani, anarudi saa kumi. Mwaka ule aliniambia, umemuua mwanangu kwa kutosikiliza. Hakurudia kusema, ila tangu siku ile hajaniita kwa jina la yule mtoto. Alipozaliwa Bwire ndipo nikapata jina tena. Kwa hiyo mtakaa hapa, na haya mliyoniambia mtamwambia nyinyi kwa midomo yenu."

Tukakaa. Kivuko cha saa tisa tulikisikia kikipiga honi bila sisi. Alitupikia ugali wa muhogo na sato, akala nasi sahani moja. Sikustahili ugali ule, nikaula.

Saa kumi na nusu alikuja Mzee Ndalahwa, mumewe, mtu mfupi mwenye mvi, kamba begani. Nilisimama, nikasema yote, Evelina akasema yake. Alikalia kinu, akaitazama kamba yake muda mrefu, vidole vinatafuta fundo lililokwisha kufunguka.

Kisha akamgeukia mkewe aliyesimama mlangoni.

"Mama Magesa," alisema.

Hellen akashika mwimo wa mlango. "Abee," akaitika.